Mzigo Mmoja wa Kuni

Kamugisha alisogeza ubao uliofunika shimo la takataka, akainama, akachungulia. Akainama tena. Maganda machache ya ndizi yaliyokauka, basi. Hakuna kingine.

"Mama," aliita, "hili ndilo shimo lenu?"

"Ndilo hilo hilo, mwanangu waitu," alijibu Kokugonza kutoka barazani. Alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, na sauti yake ilitoka kwa shida.

Kamugisha naye alikuwa hoi. Tangu asubuhi alikuwa akisukuma baiskeli kwenye vilima vya Buganguzi na kukuta milango imefungwa. Kijiji kizima kilikuwa msibani kwa Ishengoma. Jana walikuwa msibani kwingine, juzi kwingine. Mwaka ule wa 1990, mtu akikuta nyumba kimya hakuuliza wenyewe wako wapi. Walikuwa wanazika.

Watu walimwita Bwana Miti. Kwa miaka mitatu alikuwa amehubiri yale yale kwenye viwanja vya makanisa na kwenye magulio. Funikeni chungu, pikeni kwa kuni chache. Maji ya kuoshea vyombo mwagieni migomba. Maganda yarudi kibanjani, chini ya migomba, nyasi msichome. Walimsikiliza kwa adabu zao zote, kisha wakaenda kukata miti. Na nani angewalaumu? Msiba mmoja tu unakula kuni za mwezi mzima. "Sisi tunahesabu majeneza," mzee mmoja alimwambia mbele za watu, "wewe Bwana Miti unahesabu maganda?" Maneno yale yalimuuma, na hata leo yalikuwa hayajaacha kumuuma.

Sasa mkubwa wake kule Muleba alisema imetosha. Ijumaa aletewe jina la kaya moja, moja tu, iliyopunguza kuni kwa nusu. Isipopatikana, mradi wake wa kuhifadhi miti unafungwa, na miche elfu nne ya miti ya misizi iliyoko kitaluni Kimwani inaachwa ikauke. Miche ile Kamugisha aliiotesha kwa mikono yake mwenyewe. Leo ilikuwa Alhamisi, na hii ndiyo nyumba ya mwisho.

Alitoa fomu mkobani. Upande wa kushoto kulikuwa na yale aliyoyaandika mwenyewe Januari 1987, siku pekee aliyowahi kufika hapa: watu sita, kuni mizigo sita kwa mwezi. Upande wa kulia ulikuwa mtupu. Aliandika "watu sita" kule pia, akalamba ncha ya penseli.

"Haya, mama. Kuni sasa mnatumia mizigo mingapi?"

"Mmoja."

"Kwa wiki?"

"Kwa mwezi."

Kamugisha alimtazama. Akaenda nyuma ya jiko kuhakikisha, maana amedanganywa sana katika kazi hii. Rundo la kuni lilikuwepo, kubwa, na buibui wamelitandia utando. Kwenye kichanja palikuwa na sahani sita zimefunikwa vizuri, moja tu ndiyo imeloa. Alirudi barazani mbio mbio.

"Na maji?"

"Ndoo moja, siku tatu. Nikishaosha, naimwagia migomba, kama ulivyosema."

"Mafuta ya taa?"

"Chupa niliyonunua Pasaka bado iko pale."

Loo! Kamugisha alicheka peke yake. Alikuwa hajacheka kwa majuma mengi. Kumbe walikuwa wanasikia! Kumbe mbele ya yale makanisa, kati ya wale waliosinzia, kulikuwa na familia moja iliyokwenda nyumbani ikafanya. Akainamia mkoba, akajifanya anatafuta kitu.

Kokugonza alimsogezea kikapu cha buni. "Tafuna, waitu. Siku hizi iko tele, inazeeka tu kapuni."

Akatafuna. "Hebu nieleze mama, maana wakubwa watataka kujua. Mlipunguzaje?"

"Kidogo kidogo." Mama yule aliangalia miguu yake. "Mzigo wa kwanza ulipungua Kwaresima ya mwaka ule ule ulipokuja. Wa pili, mwezi wa nane. Mwaka uliofuata ikapungua miwili kwa mpigo, wiki moja."

"Wiki moja!"

"Wiki moja, mwanangu. Wa tano ni Krismasi hii iliyopita."

"Haikuwa vigumu?"

"Ilikuwa vigumu. Hiyo wiki ya miwili nusura nami niondoke."

Kamugisha aliandika: *Walipata taabu mwanzoni, wakavumilia.* Akapiga mstari chini yake. Mradi umepona. Miche imepona. Kesho atamwekea mkubwa wake fomu hii mezani, na wala hatasema neno.

"Mmeshinda, mama," alisema, akisimama. "Wilaya nzima! Jumamosi mje kanisani, mtapewa cheti na jembe kila mmoja. Majembe sita! Wenzako wakirudi kutoka msibani waambie nimefika, na nimewashukuru sana. Mimi nilikuwa nimekata tamaa kabisa."

Kokugonza alinyoosha mkono, akaiomba ile fomu. Alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima, kwa hiyo alisoma polepole, midomo ikicheza, kutoka mstari wa chini kwenda juu: mafuta, maji, kuni. Kote alitikisa kichwa kukubali. Kwenye mstari wa kwanza, ule wa watu, alisimama, akaweka kidole.

"Hapa hukuniuliza, mwanangu," alisema, akamrudishia fomu. "Andika mmoja."