Shela ya Lesi

Nitegulie hiki: amevaa shela mwaka mzima, wala hajaolewa. Ni nani?

Unakuna kichwa bure. Ni kompyuta ya shule yetu ya Kiislamu, hapa Kisugu. Mwalimu mkuu aliifunika kitambaa cha lesi siku ileile ilipoletwa, akasema mikono ya watoto ina mafuta ya mandazi. Akachora vitufe vyake ubaoni, watoto wakawa wanaviimba kwa sauti moja, wakiyumba kama wanaohifadhi sura. Hilo ndilo aliloliita somo la kompyuta, na kifua kikamjaa.

Jana wafadhili walikuja. Bwana mkubwa wetu alijipaka manukato mpaka nikapiga chafya pale dirishani nilipokuwa nachungulia. Alikuwa ameshawaonya watoto: "Atakayenitia aibu, asikanyage tena darasani kwangu."

Watoto waliviimba vitufe vyote. Mgeni mmoja akapiga makofi, kisha akamgeukia mjukuu wangu Zaituni.

"Haya mwanangu, iwashe tuone."

Zaituni akaitazama ile lesi. Kwenye pindo lake buibui alikuwa ameshajenga, na katoto kake kanatambaa. Mwalimu mkuu alitabasamu kwa meno yote.

"Ana haya huyu, ssebo, mheshimiwa wangu. Wasichana wetu wana haya sana."

Mgeni hakumtazama. "Hujui inawashwa wapi?"

Zaituni alinitafuta dirishani. Nikamwitikia kwa kichwa.

"Sijui," akasema. "Tangu iletwe, hatujaiona uso."