Tangulia Wewe, Shemeji

"Tangulia wewe, shemeji," alisema Radi.

"Hata! Wewe ndiye mkubwa," alijibu Mlima. "Mimi nani nikupite?"

Mbele yao alisimama mtu aliyejifunga kitambaa cheusi usoni, macho tu yakionekana, na kisu kirefu mkononi. Alikuwa ametamka neno moja tu, "Simu!", na sasa alikuwa anasubiri apewe.

Kabla ya siku hiyo, wawili hawa hawakuwahi kuachiana nafasi hata mlangoni. Radi alifundisha karate upande huu wa barabara. Mlima, mume wa dada yake, alifundisha judo upande wa pili. Radi aliwaambia wanafunzi wake kwamba judo ni kukumbatiana kwa watu wazima. Mlima naye aliwaambia wake kwamba karate ni kupigana na upepo, na upepo haujawahi kulalamika. Mchana huo walikuwa wamekutana kwenye duka la simu la dada, wakabishana mpaka mishipa ya shingo ikawasimama, kila mmoja akionyesha jinsi ya kumnyang'anya mtu kisu. Radi alitumia rula. Mlima alitumia bisibisi.

"Mkimaliza mniite," alisema dada, akawaacha, akaingia stoo kutafuta chaja.

Ndipo kisu chenyewe kikaingia.

Radi alirudi nyuma hatua moja. Papo hapo moyo wake ukajaa heshima kubwa kwa shemeji yake.

"Bwana," alimwambia mwizi kwa upole, "huyu unayemwona hapa ni moto. Akikushika, umeshikika. Mimi kwake bado nanyonya."

Mlima akatikisa kichwa. "Usimsikilize, anajishusha tu. Ndivyo alivyo. Teke lake hulioni likija, unajikuta hospitali. Mimi najua kuangusha watu kwenye godoro, na hapa unaona mwenyewe, godoro hakuna."

"Shemeji, unanipa sifa zisizo zangu."

"Ni zako, shemeji. Siku zote nakuonea wivu, sema nilikuwa naona haya kukwambia."

Radi aliguswa kweli. Machozi yakamlengalenga. Mwizi akamwelekezea kisu huyu, akamwelekezea yule, asijue aanze kumwogopa nani.

"Nyie," akasema hatimaye, "mnanitania?"

"Nimeshawapigia polisi!" sauti ya dada ikapasua kutoka stoo. "Wako njiani!"

Mwizi aligeuka, akajigonga kwenye mlango, akatoka mbio mikono mitupu.

Wawili wale wakatazamana. Kisha wakakumbatiana, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Radi akaapa kwamba kuanzia kesho atawapeleka wanafunzi wake kwa Mlima wakajifunze kuanguka. Mlima akaapa kwamba wake watavuka barabara kujifunza kusimama. Walikuwa watamu kama maharusi.

"Lakini umeona alivyoniangalia?" alisema Radi, akijifuta machozi. "Aliona nilivyopanga miguu, akajua kazi ipo."

Mlima akaacha kucheka. "Alikuangalia wewe?"

"Sasa alimwangalia nani?"

"Shemeji, yule mtu alikimbia nilipokunja mkono wa shati."

"Ulikuwa unatetemeka!"

"Nilikuwa napasha mwili moto!"

Radi akarusha teke. Likamkosa shemeji, likalipata kabati la vioo. Mlima akamkamata ukosi amwangushe kitaalamu, wakaanguka wote wawili pamoja na kaunta. Wakaviringika, wakaung'oa mlango, mpaka nje kwenye kibaraza. Hapo hapakuwa tena na karate wala judo. Palikuwa na kucha, meno na kuvutana masikio. Watu wakajaa, wengine wakichukua video, wengine wakishangilia. Hakuna aliyesogea.

Isipokuwa bwana mmoja mwembamba. Alipenya katikati ya watu, akajichomeka baina ya miili ile miwili, akala ngumi ya shavu, na bado hakuwaachia.

"Jamani, wazee wangu, aibu hii! Mtu na shemeji yake! Mtauana!"

Radi, akihema, akamtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaona haya hasa, ile ya kutoka ndani. Mtu huyu hana mkanda wowote, hana ukumbi, kilo zake hazijai kikapu, na ndiye pekee aliyethubutu kuingia.

Gari la polisi likasimama.

"Mwizi yuko wapi?" aliuliza askari.

Dada alitoka akikanyaga vioo vyake. "Mwizi hakunivunjia hata kikombe. Hawa ndio walionimaliza. Huyu kaka yangu, na huyu mume wangu. Wabebeni wote wawili, na mimi naja kuandikisha maelezo."

"Na duka, mama? Mlango wenyewe ndio huo umeng'oka," alisema askari.

"Nendeni tu, dada yangu," alisema yule bwana mwembamba, akijipapasa shavu. "Mimi nitaliangalia."

"Mungu akubariki," alisema dada. "Kumbe wanaume bado wapo."

Radi, pingu mkononi, aliomba apewe nafasi kidogo. Akainama mbele ya yule bwana kama alivyowafundisha wanafunzi wake kumwinamia yeye.

"Ndugu," alisema, "leo umenifundisha ushujaa ni nini."

"Aa, kawaida tu," alijibu yule bwana, akitazama chini.

Gari likaondoka, watu wakatawanyika. Radi aligeuka dirishani akampungia mkono mwalimu wake mpya. Mwizi, kitambaa cheusi sasa kikiwa mfukoni, naye akampungia, kisha akaingia dukani, safari hii bila haraka.