Hatupiti Mlangoni

"Fungeni mapazia! Asichungulie mtu!"

Amosi, meneja wa Mwamba FC ya Runzewe, alifoka hata kabla basi halijasimama. Wachezaji wakafunga mapazia harakaharaka. Nje, kwenye mlango mkubwa wa uwanja pale Shinyanga, alikuwepo bibi mmoja, pekupeku, kibuyu mkononi. Alichovya majani kwenye kibuyu, akarashia maji pale watu wanapokanyaga. Kisha akanyunyiza unga.

"Si nilikwambia?" Sostenes alinong'ona. Huyu alikuwa mkuu wa kamati ya ufundi, na anayeujua mpira wetu anajua kamati hiyo haifundishi mtu kupiga pasi, kazi yake ni ndumba na uchawi. "Nimekuja kukagua asubuhi na mapema, nikamkuta. Wenyeji wametuwekea mtu."

Amosi aliamini palepale. Msimu mzima mambo yalikuwa mabaya. Mwamba ilipopanda Ligi Kuu, Runzewe yote ilicheza ngoma, wachimbaji wa dhahabu wakaacha mashimo yao wakaja mjini kushangilia. Halafu ligi ikaanza, weee! Walifungwa nyumbani, wakafungwa ugenini, wakafukuza makocha watatu na bado wakafungwa. Sasa ilibaki mechi hii moja. Wakipata sare wanabaki. Wakifungwa wanashuka daraja, na Amosi alishaapa stendi, mbele za watu, kwamba timu haishuki mkononi mwake.

Tumaini lake lilikuwa Bujiku, mshambuliaji, aliyefunga karibu mabao yote ya timu. Na huyohuyo ndiye aliyemnyima usingizi, maana kijana alikuwa mzaliwa wa Shinyanga hiihii. Mtu anacheza na timu ya kwao, utamwamini vipi? Ndiyo maana Amosi alikusanya simu zote kambini, akazitia kwenye begi lake, na ya Bujiku akaiweka chini kabisa.

Simu hiyo haikutulia. Ilitetema, ikanyamaza, ikatetema tena.

"Meneja, naomba simu yangu dakika moja tu," Bujiku alimwomba njiani. "Kuna mtu ananisubiri."

"Atasubiri mpaka filimbi ya mwisho." Amosi akaizima. Kumbe wameshaanza kumnunua, akawaza.

Sasa kocha alimgeukia. "Tunafanyaje?"

"Mlangoni hatupiti. Tunaruka ukuta wa nyuma."

"Bodi ya Ligi watatupiga faini."

"Waipige! Faini inalipika. Tukishuka nani ataturudisha?"

Basi likaanza kuzunguka uwanja. Yule bibi akalikimbilia, anapunga mkono, anaita. Sostenes alianzisha wimbo upesi, wachezaji wakaupokea kwa nguvu zote, na sauti yake haikusikika tena.

"Anatufuata!" Sostenes alisema, jasho linamtoka.

"Dereva, kanyaga mafuta!"

Ukuta wenyewe haukuwa mrefu. Kipa aliruka, mabeki wakaruka, wauza karanga wakawacheka mpaka wakaweka sinia chini. Ilipofika zamu ya Bujiku, alisita juu ya ukuta, akageuza shingo kuangalia upande wa mlangoni.

"Unamtafuta nani huko?" Amosi alimfokea. "Ruka!"

Bujiku akaruka bila kuangalia chini. Kwenye nyasi kulikuwa na kipande cha tofali. Mguu ulivunjika, ko, na kila mtu akasikia.

Amosi alishika kichwa kwa mikono miwili. Mungu wangu, tumekwisha. Alitaka kulia, akashindwa, hasira ikaja badala ya machozi.

Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa mlango mkubwa, kwa hiyo wakambeba Bujiku kwa machela kuvuka uwanja mzima, wakatokea palepale walipopakwepa. Bibi alikuwa amesharudi, anahema, kibuyu bado mkononi.

"Huyo hapo mchawi!" Amosi alimnyooshea kidole mbele ya umati. "Umeridhika sasa? Umemvunja mtoto wa watu! Mkamateni!"

Polisi wawili wakasogea. Mashabiki nao wakasogea, na mmoja wao alikuwa ameshaokota jiwe.

Bibi hata hakuwatazama. Alipiga magoti kando ya machela, akashika ncha ya khanga yake, akaanza kumfuta Bujiku jasho la usoni. Kijana akafumbua macho.

"Mama," alisema.

"Nimekupigia mpaka simu yangu imeisha chaji, baba. Maji ya baraka nimeyamwaga hapa tangu asubuhi, uyakanyage ukiingia." Akamfuta tena. "Mbona hukupita mlangoni, mwanangu?"