Vioo Kumi na Viwili

Vallabhdas aliingia maabara ya shule saa nne asubuhi, akakuta vioo vyake vya utafiti, vilivyopakwa dawa ya picha, vimetolewa kwenye kasha na kupangwa mezani, penye jua, na karatasi nyeusi zilizovifunika zimekunjwa vizuri kando.

Alisimama mlangoni, chaki bado mkononi. Vioo hivyo vilikaa miezi sita kwenye kilele cha Kilimambogo, vikinasa alama za chembe ndogo zinazoshuka kutoka angani. Mwanga kidogo tu ulitosha kuzifuta zote.

"Nani amefungua hivi?"

"Ni mimi, Mwalimu," akasema mtunza maabara, mzee wa Ruiru aliyejivunia kazi safi. "Hata vumbi nimepangusa."

"Nilikuambia nini kuhusu hili kasha? Nilikuambia nini?" Aliipiga meza hadi vioo vikalia. "Mlima ule nimeupanda kwa miguu, mzee. Wewe kwa asubuhi moja umenimalizia kila kitu."

Mzee alitoa barua mfukoni, akaikunjua polepole. "Hii inasema kila kasha lifunguliwe, vitu vihesabiwe kabla mkaguzi hajafika kesho. Haikuacha kasha lolote."

Vallabhdas aliinyakua. Alitaka kumjua mpumbavu aliyetoa amri hiyo. Chini kabisa, juu ya maneno Mkuu wa Idara ya Sayansi, palikuwa na wino wake mwenyewe wa buluu. Aliitia sahihi Jumatatu, akikimbilia darasani, bila kuisoma.

Mzee akamsogezea fomu ya hesabu.

"Nimeandika vioo kumi na viwili, vyote vizima. Weka sahihi hapa, Mwalimu."