Mgongo wa Atlasi

"Zunguka nyuma, kaka," mchonga sanamu alisema. "Mbele umeshapaona."

Kaka yake, mchukuzi wa mizigo, alikuwa amepitia karakanani akielekea kazini. Miezi mitatu alikuwa akisimama hapo na gunia mabegani, ili dada amfinyange kwa mfano wake Atlasi, lile jitu la hadithi za kale za Wagiriki lililohukumiwa kubeba mbingu milele. Sanamu ya shaba ilikuwa imetolewa kwenye kalibu jana yake.

Akazunguka kivivu.

Miaka ishirini na sita alikuwa amebeba saruji na mchele, lakini mgongo wake hakuwahi kuuona. Sasa ulikuwa mbele yake. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, uti umepinda, na chini ya shingo palikuwa na nundu ngumu kama ya ng'ombe.

"Umetia chumvi."

"Sijatia hata punje."

Aliigusa nundu ya shaba; ilikuwa baridi. Kisha akapeleka mkono nyuma ya shingo yake mwenyewe, akapapasa taratibu.

"Mteja anasema jitu limechoka mno," dada alisema. "Anataka nilinyooshe mgongo."

"Utalinyoosha?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Simu ikaita mfukoni mwa kaka, akaitoa. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa ghala. Bila shaka lori lilikuwa limefika. Mchukuzi aliitazama ikiita mpaka ikakatika.

"Liache hivyo hivyo," alisema, akavuta kigoda, akaketi.