Mstari wa Mara Nne

Mtafiti aliliweka shairi la Chausiku juu ya dawati, katika darasa la watoto wenye usonji. Mstari mmoja ulijirudia mara nne, na kote alikuwa ameuzungushia wino mwekundu. Pembeni alikuwa ameandika: "Marudio yasiyo na maana."

"Tia sahihi hapa, dada, liingie kwenye utafiti," alimwambia Mize, dada yake Chausiku.

Mize aliusoma mstari huo polepole: "Maji yamechemka, mama hajarudi." Hasira zikampanda.

"Daktari, harusini umewahi kwenda?"

"Nimekwenda."

"Mwimbaji akirudia mara nne, mnaitikia na vigelegele juu. Mdogo wangu akirudia, imekuwa ugonjwa?"

"Sijasema hivyo. Mimi nachambua tu mpangilio wa maneno."

"Mwenyewe umemuuliza?"

Mtafiti akatazama wino wake mwekundu.

Mize akamgeukia mdogo wake, aliyesimama dirishani akiwapa mgongo. Akaghani: "Maji yamechemka."

Chausiku hakugeuka. "Mama hajarudi," aliitikia, kisha akawa anagonga kioo kwa kidole, taratibu, akingoja dada yake aanze tena.