Kanga ya Mama Kambani

Treni ya Pugu haikuwa na madirisha. Ukutani mwa mabehewa abiria waliona kile tu ambacho macho ya dereva yalikuwa yakikiona. Kwa hiyo Sikudhani, dereva wake, alijiapiza asitazame pembeni, isipokuwa nyuma ya nyumba yao, ambapo mama yake mgonjwa alianika kanga kila asubuhi kumjulisha kwamba ameamka salama. Alitupa jicho la wizi tu, akiamini hakuna aliyegundua.

Leo kamba ilikuwa tupu.

Kisha sauti ya bibi mmoja kutoka mabehewani ikasikika kwenye spika ya dereva: "Mwanangu, mama hajaanika."

Sikudhani akakaza macho relini hadi kituo cha mwisho.

Milango ikafunguka. Hakushuka mtu.

"Geuza," bibi akasema. "Twende tukaone wote."